Mji Mdogo Uamke kwa Ngoma Zake: Mwongozo Kamili wa Kufufua Mji wa Wilayani kwa Utamaduni na Sanaa

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na mji uliokuwa mlango wa misafara ya bara ukaanza kunyauka. Miaka 90 baadaye, mwaka 1981, kikafunguliwa pale Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wahitimu wengi hawakurudi makwao. Walibaki, wakaanzisha vikundi, wakafungua karakana za ngoma na vibanda vya michoro. Ukipita Bagamoyo leo unasikia mtu anajaribu ngoma mpya nyuma ya nyumba. Hicho ni kipato, na ni sababu ya kijana kutokupanda basi la kwenda mjini.

Si kila mji utapewa chuo. Lakini karibu kila mji mdogo ninaoujua, wenye stendi moja, soko, zahanati na mnada wa kila wiki, una ngoma, wachongaji, wasukaji, waimbaji na wazee wenye hadithi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanza na hao: afisa utamaduni, mwalimu, kiongozi wa kikundi, au mwananchi tu anayeupenda mji wake. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania bara kwa sababu huko ndiko nimefanya kazi hii. Msimamo wangu nautaja mapema: kazi yote ipimwe kwa pesa na ujuzi vinavyobaki mjini baada ya wageni kuondoka.

Hatua ya 1: Tembea kabla hujaitisha kikao

Nunua daftari kubwa. Tembea mtaa kwa mtaa, kitongoji kwa kitongoji, angalau mwezi mzima. Kikao kikiitishwa mapema watakuja wenye sauti, na mara nyingi si wao wenye ujuzi. Kwa kila fundi, mchezaji au mwimbaji utakayemkuta, andika mambo matano: anafanya nini, alijifunza kwa nani, anamfundisha nani sasa, vifaa anavipata wapi, na mara ya mwisho aliuza kazi yake lini na kwa shilingi ngapi.

Swali la vifaa usiliruke. Katika kijiji kimoja cha Ugogo nilimkuta mzee mwenye ilimba, ile marimba ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba. Haikuwa inalia vizuri, na yeye alikuwa anapapasa ukuta wa tembe lake, nyumba ya udongo, pole pole kwa ncha ya kisu. Nikadhani anatafuta msumari. Kumbe alikuwa anabandua utando mweupe wa buibui, ule unaofunika mayai yake, mwembamba kuliko karatasi. Akaubandika juu ya tundu dogo kwenye ubao wa ilimba, akaukaza kwa midomo, akapiga. Sauti ikabadilika. Ikapata ule mtetemo kama nyuki wa mbali, na ndio unaomfanya Mgogo asimame asikilize. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa, ndiye aliyekuwa akimtafutia utando kwa kuwa macho ya babu yamechoka. Nikaandika jina la mtoto pia. Nyumba za tembe zinabomolewa, zinajengwa za tofali na bati, na ukuta wa saruji uliopakwa rangi haufugi buibui wale. Daftari lisingekuwa na swali la vifaa, nisingelijua tatizo hilo kamwe.

Wamunyu, kule Ukambani nchini Kenya, wanalijua vizuri. Mutisya Munge alijifunza kuchonga kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo nyumbani, na kutoka kwake ukakua mji mzima wa wachongaji ambao kazi zao zilifika Ulaya na Marekani. Lakini muhugu na mpingo vilikatwa kuliko vilivyopandwa, ikabidi wachongaji wahimizwe kutumia miti kama mwarobaini. Kama sanaa ya mji wako inakula mti, ukindu, ngozi au udongo maalumu, kitalu cha miche kianze mwaka huo huo unaoanza tamasha.

Hatua ya 2: Chukua tarehe ambayo tayari ni yao

Kosa la kawaida ni kupanga siku kwa kalenda ya mfadhili. Mji mdogo una kalenda yake: mnada, mavuno, jando, Maulidi, sikukuu za kanisani, mwezi ambao mito haijafurika na barabara inapitika. Usukumani mbina, yaani ngoma, zina msimu wake baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, watu wakiwa na chakula ghalani na pesa ya pamba mfukoni. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza miaka ya 1950, alilielewa hili. Bulabo, sikukuu kubwa ya ngoma pale Bujora, ilishikamanishwa na sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia Juni. Watu walikuwa wanakuja tayari.

Makunduchi, Unguja, hawahitaji hata tangazo. Mwaka Kogwa hufika kila mwaka Julai, wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, akina mama wanaimba wakizunguka, na mila inapenda kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo. Tazama jinsi hilo la mwisho lilivyo la thamani: suala la malazi limeshajibiwa na mila.

Kwa hiyo chora mwaka wa mji kwenye karatasi kubwa, miezi 12, uwaonyeshe wazee na akina mama wa sokoni, waseme wenyewe siku gani watu hujaa. Kama hakuna sikukuu, tumia siku ya mnada. Siku hiyo wafugaji, wauza nguo na mama lishe wapo bila kualikwa.

Hatua ya 3: Kamati ndogo na karatasi iliyosainiwa

Watu saba wanatosha, tisa ni wengi. Wawepo angalau wanawake watatu, na mmoja wao awe mweka hazina. Awepo fundi au mchezaji anayeheshimiwa na wenzake, kijana mmoja anayejua simu na picha, na mtu wa serikali ya kijiji au mtaa. Usimweke mwenyekiti wa kikundi kimoja cha ngoma awe mwenyekiti wa kamati. Vikundi vina ushindani wa miaka mingi, na vikundi vingine vitasusa hata kabla ya siku.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: kila kikundi kitalipwa nini na lini, nani anaruhusiwa kupiga picha na video za kuuza, ngoma zipi za faragha hazitachezwa hadharani. Hili la mwisho waulizeni wazee na makungwi kwa adabu, faraghani. Kuna ngoma za jando na unyago ambazo si za uwanjani, na mgeni akizidai jibu ni hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi; mtu anayetaka kurekodi nyimbo zenu kwa biashara aelekezwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Kisha karatasi ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu huitishwa kila baada ya miezi 3, isomwe kwa sauti. Wasiojua kusoma nao wana haki ya kujua kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Uwanja

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Tamasha langu la kwanza nilikodi jukwaa la chuma na spika kubwa kutoka mkoani. Nilidhani ndiyo heshima. Jukwaa likawainua wachezaji mbali na watu, na spika zikameza ngoma. Vumbi la miguu, ambalo ni nusu ya uzuri, likakosekana kabisa. Halafu ratiba ilimngoja mgeni rasmi aliyetakiwa saa 4 asubuhi, akafika saa 9 alasiri. Kikundi cha akina bibi, wa mwisho wanaojua nyimbo za kupandia mtama, kilikaa juani tangu asubuhi. Walipoitwa hatimaye walikuwa wameshaondoka na vibuyu vyao, wana kuni za kutafuta na wajukuu wa kulisha. Nilikwenda kuwaomba radhi nyumba kwa nyumba. Walinisamehe, lakini mmoja wao alifariki kabla ya msimu uliofuata, na nyimbo zake hatukuzirekodi.

Tangu hapo kanuni zangu ni hizi. Ngoma ichezwe ardhini, watu wakiwa duara. Kipaza sauti ni cha mshereheshaji na waimbaji wasio na ngoma. Wazee wanaanza asubuhi jua halijawa kali, na wanakaa kivulini. Mgeni rasmi akichelewa, shughuli inaendelea. Atakuta watu wanacheza, na atafurahi. Kando ya uwanja pawe na mahali pa moto mdogo wa nyasi, kwa sababu ngozi ya ngoma hulegea kwa umande na mpigaji lazima aikanze mpaka ilie. Nimeona matamasha yaliyosahau moto, wapigaji wakaenda kuomba jikoni kwa mama lishe.

Halafu jiulize: nini kitamfanya mtu atembee kilomita 15 kuja kuona ngoma anayoijua tangu utotoni? Wasukuma wana jibu la zaidi ya karne moja. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wachezaji wawili waliokuwa mahasimu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu. Kila kikundi kinabuni mbinu mpya ili kumng'oa mtazamaji wa upande wa pili: wengine wanaingia na chatu, wengine na nungunungu, wakulima wa bugobogobo, ngoma ya majembe, wanayarusha hewani na kuyadaka. Hapo utamaduni unajitengeneza upya kila mwaka bila semina yoyote.

Usiunakili mfumo huo kama si wa kwenu. Wagogo wana raha nyingine: ukienda tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino Ikulu, linalofanyika tangu mwaka 2009, utaona vijiji vinapokezana, na ngoma za muheme wanazopiga wanawake zikishindana na pumzi yako mwenyewe. Lamu wana mashindano ya majahazi na mbio za punda. Tafuta ushindani ulio halali na wenye furaha katika mji wako, hata kama ni wa kusuka mkeka, kuimba majigambo au kupika ndizi, uuweke katikati ya siku.

Hatua ya 5: Fuata shilingi inakokwenda

Tuseme mmekusanya shilingi 5,000,000. Bajeti ninayoiona mara nyingi ni ya namna hii: jukwaa na muziki wa kukodi mkoani 1,800,000, tisheti na mabango ya kuchapwa mkoani 900,000, mwanamuziki wa bongofleva 1,000,000, posho na mafuta ya wageni 700,000. Zinabaki 600,000 za vikundi vinane vya ngoma. Kila kikundi 75,000. Kikiwa na watu 20, kila mtu ni shilingi 3,750, na ametoka shambani siku mbili. Mwaka wa pili usimlaumu asipokuja.

Ipindue. Vikundi vinane kwa 250,000 kila kimoja, ni 2,000,000. Chakula cha watu 200 kwa siku mbili, sahani ya 2,500 kutoka kwa mama lishe wa hapo hapo, ni 1,000,000. Vivuli, maji na vyoo 600,000, kwa mafundi na vikundi vya mji. Spika moja na kipaza sauti 300,000, mgambo na huduma ya kwanza 300,000, matangazo ya redio ya mkoa 300,000, akiba 500,000. Jumla ni ile ile 5,000,000, ila sasa karibu yote imelala mjini. Kiasi hiki ni cha mfano. Bei za kwenu mtazijua wenyewe. Kinachotakiwa ni kuweka alama mbele ya kila mstari wa bajeti: hii inabaki, hii inaondoka.

Malipo ya kikundi yafanyike siku hiyo hiyo, mbele ya wanakikundi wote, wasaini wawili. Ukimpa kiongozi peke yake gizani umepanda ugomvi. Na mruhusu mtazamaji kumtunza mchezaji kama mila inavyotaka. Ile noti inayobandikwa kwenye paji la uso ni ya mchezaji, kamati isiiguse.

Fedha za kuanzia zitoke mjini kwanza, hata kama ni kidogo: wenye maduka, wenye mabasi, wana wa mji wanaoishi Dar es Salaam au ng'ambo. Kwa mtaji wa vikundi, fuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasusi au wachongaji kilichosajiliwa kinastahili kuomba kama kikundi cha kufuga kuku, lakini wasanii wengi hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba kazi yao ni kazi. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii. Afisa maendeleo ya jamii na afisa utamaduni ndio wa kuwaona.

Hatua ya 6: Vibali

Anza miezi mitatu kabla. Mtendaji wa kata, afisa utamaduni wa halmashauri, polisi kwa ajili ya usalama wa mkusanyiko, na usajili wa BASATA kwa wasanii na tukio. Barua zote ziwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Afisa afya aje kuona vyoo na mahali pa kupikia kabla ya siku, asije siku yenyewe kufunga jiko.

Hatua ya 7: Siku 363 nyingine

Tamasha la siku mbili haliwezi kulisha mji. Linaleta macho, kinacholisha ni kile macho yanachokuta. Tafuteni nyumba moja iliyoachwa karibu na stendi, ghala la zamani la ushirika au duka lililofungwa, muiombe kwa mkataba wa maandishi, mpige chokaa. Iwe karakana na duka kwa pamoja, fundi akifanya kazi mbele ya mnunuzi. Basi linaposimama dakika 20, abiria ananunua kile anachoona kinatengenezwa.

Kuhusu bidhaa nina neno moja kwa wanaopenda kuwafundisha mafundi: msibadili umbo, badilini ukubwa. Mkeka mkubwa wa kulalia haubebeki ndani ya basi. Mkeka wa swala au kipepeo kidogo cha kujipepea chenye rangi na mishono ile ile unabebeka. Weka kikaratasi chenye jina la aliyesuka, kijiji chake na jina la mshono. Mshono una jina. Mnunuzi akilisoma hashushi bei ovyo. Bei ipangwe kwa kuhesabu siku za kazi na gharama ya ukindu na rangi, na mafundi wote wakubaliane bei ya chini kabisa.

Watoto nao. Ombeni shule ya msingi saa moja kwa wiki, mchana wa Ijumaa au Jumatano, mzee mmoja na watoto 15, na mzee alipwe, hata kama ni sukari na nauli mwanzoni. Msimlazimishe awe mwalimu wa ubaoni. Aachwe akae chini, afanye kazi yake, watoto wamtazame mikono. Kijana wa kamati arekodi kwa simu, faili ziwekwe kwenye kadi mbili tofauti, moja ikae shuleni na nyingine kwa familia ya mzee.

Hatua ya 8: Jumatatu baada ya tamasha

Jumamosi na Jumapili zimepita, watu wamechoka, na hapa kamati nyingi hupotea. Kusanyikeni Jumatatu asubuhi pale pale uwanjani, kwanza kuokota taka, halafu mweka hazina asome hesabu mbele ya yeyote atakayekuja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kiko wapi. Waulizeni mama lishe waliuza sahani ngapi kulinganisha na mnada wa kawaida, wenye nyumba za wageni walijaza vyumba vingapi, mafundi waliuza nini na wageni waliulizia nini ambacho hakikuwepo. Andikeni yote kwenye daftari lile la hatua ya kwanza. Tangazeni tarehe ya mwaka ujao kabla hamjatawanyika.

Jambo la mwisho la kuandika asubuhi hiyo ni majina ya watoto waliokaa mbele kabisa siku zote mbili, wale waliofukuzwa wakarudi, wakafukuzwa tena wakarudi, wakiiga miguu ya wachezaji pembeni. Muulizeni kila mmoja anakaa kwa nani. Ijumaa inayofuata wawe wa kwanza kwenye lile darasa la mzee.